Maoni Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Rosalind Kubiak anastaafu! Nimeisoma asubuhi hii katika jarida la watumishi wa jimbo, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la maegesho. Mkuu wa ofisi ya kanuni, Idara ya Afya, miaka thelathini na mmoja kazini. Siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 28. Kisha anahamia kaskazini, Bayfield, kando ya Ziwa Superior. Maili mia tatu na ishirini! Nimepima.

Nimekaa na jarida lile mkononi mpaka kahawa ikapoa.

Niandike wazi, maana shajara haina wahariri. Miaka minane iliyopita Chuo kiliniazimisha serikalini kwa miaka miwili. Mimi, Leland Tvedt, profesa wa sera za afya, nikapewa meza katika chumba 614, ikitazamana na meza ya Roz. Yeye alijua sheria inavyoandikwa. Mimi nilijua kwa nini hushindwa. Kila Ijumaa jioni tulikwenda kwa Toepfer kula samaki wa kukaanga, kama mji mzima unavyofanya Ijumaa. Yeye alinipa kabichi yake, mimi nikampa mkate wangu. Miaka miwili ikaisha. Chuo kikaniambia nirudi au nipoteze kiti changu cha kudumu cha uprofesa. Roz akaniuliza kama ninabaki. Nikamjibu kwamba nitamjulisha baada ya kushauriana na mkuu wa kitivo.

Mkuu wa kitivo alinishauri nirudi. Nikarudi. Kiti ninacho. Kinalia nikikikalia.

Idara iko mwisho ule wa State Street, Chuo mwisho huu. Maili moja. Tangu siku ile sijapata sababu ya kiofisi ya kuitembea.

Saa nane mchana. Nimepata mpango!


Jumanne, 4 Februari

Mpango wenyewe. Sheria ya jimbo letu ni nzuri mno. Idara ikitaka kutunga kanuni, ni lazima ipokee maoni ya wananchi, na kila maoni yanayopokelewa yajibiwe kwa maandishi. Lazima! Na hivi sasa ipo kanuni moja mezani: joto la maji ya kuogea katika nyumba za kutunzia wazee. Lisizidi kiwango fulani, wazee wasije wakaungua. Mwandishi wa majibu: R. Kubiak.

Kwa miaka sita sikupata kwake ila kadi za Krismasi zenye muhuri wa Idara. Sasa sheria itamlazimisha aniandikie.

Nimeandika kurasa kumi na tisa. Majedwali matano. Maji ya kuogea sikuwahi kuyafikiria maishani, lakini kufika saa sita mchana nilikuwa nimeyapenda.

Nilikuwa karibu kutuma, nikashtuka. Anayeandika mara moja hujibiwa mara moja. Kurasa kumi na tisa zinaweza kujibiwa kwa mstari mmoja! Nimezigawa. Maoni kumi na moja, kila kifungu na barua yake. Majibu kumi na moja kutoka kwa Roz. Nimetuma zote kabla ya chakula cha mchana. Nikala kwa hamu.


Ijumaa, 7 Februari

Prentiss Oyler. Ofisi yake imepakana na yangu. Nilimwajiri mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Sasa yeye ndiye anayeitwa redioni, na Idara humwita kila Alhamisi kushauri. Dirisha lake linatazama kuba la Bunge, na nyuma ya kuba liko jengo la Idara. Dirisha langu linatazama mapipa ya taka.

Leo amepita mlangoni kwangu akiwa bado na theluji mabegani. Amesema watu wa kule wananisalimu, na Bi Kubiak jana alicheka mpaka akavua miwani. Nimemwuliza alicheka nini. Hakumbuki! Mtu ana shahada tatu, na hakumbuki Roz alicheka nini! Kicheko kile mimi nakikumbuka chote. Huanza kimya, mabega kwanza.

Ninalitaka dirisha lile. Nimemwandikia msimamizi wa majengo, bila jina, kwamba ofisi ya Dakta Oyler inanuka ukungu. Ataondolewa kwa ukaguzi. Nami nitajitolea kuilinda.


Jumatatu, 10 Februari

Wamekuja wakaguzi. Wameifunga ofisi ya Oyler kwa wiki tatu. Na yangu pia, kwa kuwa ukuta ni mmoja.

Mimi nimewekwa chumba cha mashine ya kunakili. Oyler amekwenda kufanyia kazi Idarani. Wamemwonea huruma, wakampa meza. Chumba 614. Inatazamana na ya Roz.




Jumatano, 12 Februari

Siku ya kikao cha hadhara! Kanuni haipiti bila kikao. Mwananchi yeyote anaweza kusema, dakika tatu. Nimetembea ile maili. Hatimaye nilikuwa na sababu ya kiofisi.

Niliamua kuja na kielelezo. Ndoo ya maji, yenye joto lile lile la kanuni, na kipimajoto. Roz angechovya mkono. Ningesema: hivi ndivyo mzee atakavyojisikia. Takwimu na ubinadamu kwa pamoja!

Nimeijaza chuoni. Sikufikiria hali ya hewa. Ziwa la hapa mjini limeganda, watu wamekaa juu yake wanavua kwenye matundu, na mimi nimeshuka State Street na ndoo inayofuka mvuke. Robo njia mvuke ukaisha. Nusu njia nikateleza mbele ya duka la jibini, suruali ikalowa hadi magotini. Mlinzi wa jengo akauliza ndoo ya nini. Nikamwambia ni ushahidi. Akaita mwenzake.

Chumbani tulikuwa wasemaji watatu. Mtu wa chama cha wenye nyumba za wazee, mimi, na kikongwe mmoja kwenye kiti cha magurudumu, Bi Wanda Pliska, mkazi wa nyumba mojawapo ya wazee, miaka themanini na minane. Oyler alikaa pembeni akiandika kumbukumbu, kwa kalamu ya Idara.

Na Roz, kwenye kiti cha mwenyekiti. Nywele zimekuwa nyeupe. Chupa yake ya chai ni ile ile, ya kijani, ile niliyoidondosha ikabonyea na kubaki na bonde ubavuni. Bonde bado liko! Nililitazama bonde lile nikasahau sentensi yangu ya kwanza.

Dakika tatu ni kidogo. Nilikuwa bado kwenye utangulizi. Nikamwomba Mwenyekiti achovye mkono. Amechovya. Maji yalikuwa na vipande vya barafu. Amenitazama muda mrefu, mkono ukichuruzika.

Akasema, "Muda wako umekwisha, Profesa." Halafu, taratibu: "Asante kwa ndoo."

Maneno saba kwa jumla! Nimeyahesabu njia nzima ya kurudi.

Bi Pliska aliposogezwa kwenye kipaza sauti alisema tu, "Mnaogopa tusije tukaungua. Mimi kwetu kila asubuhi naoga maji baridi. Nimemaliza." Roz akaandika. Kwangu hakuandika.


Ijumaa, 14 Februari

Siku ya mwisho ya kupokea maoni. Mlango unafungwa saa kumi na nusu alasiri. Ni siku ya wapendanao pia, lakini hilo halihusiani.

Tangu asubuhi nimekaa kati ya mashine na makatoni ya karatasi. Yote kumi na moja yanahusu maji. Atayajibu kuhusu maji. Nikaona wazi, kama mtu anayeamka, kwamba nitapata barua kumi na moja za maji kutoka kwa mwanamke ninayemkumbuka kila Ijumaa nikila mkate wangu mwenyewe.

Kwa hiyo nimeandika ya kumi na mbili. Nayanakili hapa:

"Kuhusu kifungu cha 4(c). Mtoa maoni anaona kwamba uamuzi wa miaka sita iliyopita ulifanyika kwa pupa, bila ushahidi wa kutosha, na bila kuwasikiliza wahusika wote, hasa mhusika mmoja aliyeuliza swali rahisi. Athari zake hazikutathminiwa. Mtoa maoni ameishi na athari hizo. Anapendekeza uamuzi huo upitiwe upya, ikiwa Idara bado inao moyo."

Nimebonyeza saa kumi na dakika ishirini na tisa. Ikaandika: Imepokelewa.

Nimesimama katikati ya chumba nikapiga makofi. Peke yangu. Mashine ikaanza kunakili kitu.


Jumatatu, 17 Februari

Maoni ya wananchi huwekwa hadharani! Kwenye mtandao! Kwa kila mtu! Nimelifundisha jambo hilo kwa miaka ishirini na miwili. Uwazi ni nguzo ya pili, somo la tatu. Nimelisahau.

Bernadine Zastrow, katibu wetu, amekuja chumba cha mashine na sinia la vitafunwa vyake vya shayiri. Kwa kawaida huniwekea kimoja. Leo ameweka vinne. Akafunga mlango.

"Profesa, nimesoma ile ya kumi na mbili," akasema. "Nimesoma mara mbili. Machozi yamenitoka kidogo, sikufichi. Sasa nikuulize, wewe mtu mzima, si umpigie tu simu?"

Nimemweleza kwamba kanuni ikiwa bado inajadiliwa, si vyema mtoa maoni kuwasiliana na ofisa kwa mlango wa nyuma. Ni suala la maadili.

"Maadili gani, Profesa! Ni maili moja. Basi linapita hapo chini kila dakika kumi na tano."

Nimemwambia subira huvuta heri. Amenijibu, "Na ngojangoja huumiza matumbo." Ameondoka, ameacha sinia.

Baadaye Oyler amenipigia simu kutoka chumba 614. Ameniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, kwamba maoni ya kumi na mbili ni mazito sana, ila kanuni haina kifungu cha 4(c). Inaishia 4(b). Nimemwuliza kama Bi Kubiak ameyasoma. Amesema ameyachapisha, ameyaweka kwenye droo, na hajacheka.

Hajacheka! Sijui kama hiyo ni nzuri au mbaya. Nimekula vitafunwa vyote vinne.


Jumatatu, 24 Februari

Majibu ya Idara yametoka. Nimeyafungua kwa mikono hii. Mikono ya miaka hamsini na tisa.

Maoni 1 hadi 11: "Idara inashukuru. Hakuna badiliko."

Yote kumi na moja. Mstari mmoja. Ameyaunganisha! Sheria inaruhusu kuyaunganisha. Nadhani ni mimi niliyependekeza iruhusu, mwaka ule wa pili.

Maoni ya W. Pliska: "Idara inakubali. Kanuni itaweka pia kiwango cha chini cha joto, ili maji yasiwe baridi." Kikongwe! Pumzi moja! Katika maisha yangu yote ya kazi nimeandika makala sitini na nne, na hakuna hata moja iliyompashia mtu maji.

Maoni 12: "Hayahusu maji. Hakuna badiliko."

Nimesoma mara nyingi. Hakuna badiliko. Nimetoka nikasimama ngazini, mahali ambapo ukijikunja na kushika nguzo unaona ncha ya kuba. Nilitaka kumwona tu akitoka kazini na chupa yake. Haiwezekani kuona mtu kwa umbali ule. Nimesimama hivyo hivyo.


Jumanne, 25 Februari

Bahasha! Ya karatasi kweli, kwa posta, muhuri wa Idara. Bernadine ameileta mbio, na Bernadine hakimbii.

Ndani mna ukurasa ule ule wa majibu. Pembeni mwa namba 12, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake ule ulioegemea kushoto:

"Lee, ungeweza kutembea. Ijumaa, kwa Toepfer, saa kumi na mbili. Usilete ndoo. R."

Lee! Hakuna mwingine anayeniita Lee ambaye nataka aniite Lee.

Bernadine amesoma juu ya bega langu. Amenishika masikio yote mawili kama mtoto, akaniambia, "Sasa sikiliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uende, ukae, ule samaki, ukiulizwa, useme ndiyo. Usiandike kitu!"

Nimemwahidi.


Alhamisi, 27 Februari

Nimeandika kitu.

Kidogo tu. Kurasa nne. Mtu hawezi kwenda kwenye kikao cha namna hii mikono mitupu. Njia tatu za kuchagua: (A) hali iendelee ilivyo, (B) kutembeleana kwa awamu, majaribio ya miezi sita, (C) kuhamia kaskazini moja kwa moja. Kila njia na faida zake na hatari zake. Moyo wangu wote uko kwenye C. Lakini kitaalamu huwezi kumwonyesha mtu C bila A na B.

Nimenyoa. Nimepiga pasi shati la kijani, lile aliloliona mwaka wa kwanza akasema linanifanya nionekane kama mtu.


Jumamosi, 1 Machi

Naandika asubuhi. Jana sikuweza.

Alikuwa amekaa meza ile ile, chini ya samaki aliyekaushwa na kutundikwa ukutani, mwenye kofia. Amesimama nilipoingia. Amenikumbatia, na ananukia vilevile, chai na karatasi. Tumeagiza brandi yenye cheri, samaki, viazi. Amenisogezea kabichi yake kabla sijasema neno. Nimempa mkate wangu. Miaka sita, na mikono yetu haikusahau. Nilitaka kulia nikatafuna.

Ameniambia kuhusu nyumba. Ndogo, ya mbao, ina jiko la kuni, na barafu ya ziwa hulia kama mtu anayejigeuza kitandani. Wilaya tayari imemwomba akae bure kwenye bodi yake ya afya, hajui kukataa. Nami nimemweleza kuhusu kiti changu kinacholia na ukungu wa uongo. Mabega yakaanza. Akacheka mpaka akavua miwani. Safari hii nilikuwapo!

Halafu akaweka uma chini.

"Lee, niliwahi kukuuliza kitu ukaenda kumwuliza mkuu wa kitivo. Sasa nakuuliza mara ya pili, na mimi siulizi mara ya tatu. Naondoka kesho. Nyumba ina vyumba viwili na kiti kisicholia. Utakuja?"

Ndiyo. Neno lilikuwa pale pale, mdomoni, nyuma ya kabichi. Ndiyo! Silabi chache! Bi Pliska angelisema na kumaliza.

Nikatoa zile kurasa nne.

Nimesikia sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa inasema kwamba swali ni zito na linastahili ushahidi. Kwamba napendelea C, lakini ingefaa tuweke muda wa kupokea maoni. Siku thelathini. Kwa heshima yake.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Amesoma ukurasa wa kwanza mpaka mwisho, kwa makini, kama alivyosoma kila kitu changu. Amesahihisha neno moja. Kisha amevua miwani, na mabega hayakutikisika.

"Muda wako umekwisha, Profesa," akasema. Profesa, si Lee.

Amevaa koti. Amefika mlangoni, akarudi. Ameweka ile chupa ya kijani mbele yangu, upande wa bonde ukinitazama.

"Ukipata jibu, usiliandike," akasema. "Lilete mwenyewe."

Mhudumu ameniuliza kama nitamalizia samaki wa bibi. Nimemaliza. Walikuwa wamepoa. Ninampenda. Nimeandika hapa kwa kuwa hapa ndipo ninapoweza.


Jumatatu, 3 Machi

Ofisi zimefunguliwa. Hakuna ukungu. Oyler amerudi, ameniletea salamu za kila mtu wa chumba 614 isipokuwa mmoja, kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba kama nataka dirisha lake tubadilishane. Nimelikataa. Huko hakuna tena wa kutazama.

Bernadine amekuja mezani kwangu. Amenitazama usoni, akajua. Amechapisha ratiba ya mabasi ya kwenda kaskazini na kuiweka mezani, akazungushia duara lile la Ijumaa, saa moja asubuhi. Chini ameandika: "Chupa inataka kurudishwa." Mwanamke mwema. Kwa kweli, yuko sahihi. Nitakwenda. Nimeamua kabisa. Kilichobaki ni kupata wakati mwafaka.

Na hapo, nikitafuta habari za Bayfield ili nisafiri nikiwa na taarifa, nikakuta jambo la ajabu! Bodi ya afya ya wilaya ile inatunga kanuni. Usalama wa visima! Inapokea maoni kutoka kwa mtu yeyote, hata asiye mkazi. Na inajibu kila moja kwa maandishi. Nimesoma mara tatu. Mjumbe mpya atakayeandika majibu: R. Kubiak.

Visima! Sikuwahi kuvifikiria maishani. Nimejaza chai kwenye chupa ya kijani, nimegeuza ratiba ya mabasi, na nyuma yake nimeanza kuandika. Kanuni inaishia kifungu cha saba. Nitaanza na cha nane.

Mwisho wa kupokea maoni ni tarehe 2 Aprili. Muda upo wa kutosha.